Gogo Lisilo na Alama

Katika chumba cha pili cha makumbusho ya misitu pale Kasulu kuna gogo la mninga lililolazwa juu ya vipande viwili vya mti, na ukutani juu yake umetundikwa msumeno mrefu wa kupasulia mbao, ule unaovutwa na watu wawili. Chini ya msumeno kuna kadi. Kwa miezi kadhaa kadi hiyo ilieleza kwamba msumeno ulikuwa wa mzee mmoja wa Busunzu, jina lake kamili likiwa limeandikwa kwa herufi nene, na kwamba mzee huyo alikuwa mpasuaji haramu wa mbao, aliyekamatwa na gogo lisilo na alama ya nyundo ya serikali.

Habari hiyo haikuwa ya kweli. Naandika haya kueleza ilivyopata kuandikwa na ilivyoondolewa, kwa kuwa katika mambo yote mawili nilihusika. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtumishi wa misitu, kwanza upande wa Kibondo, baadaye Kasulu, na sijawahi kuandika kitu kirefu ambacho hakikuwa taarifa. Haya nayo huenda yakafanana na taarifa. Nimechoka, na sina tena mtindo mwingine.

Makumbusho yenyewe ni ghala la zamani lililopakwa chokaa na kugawanywa vyumba vitatu. Chumba cha kwanza ni cha msitu wa asili: mizinga ya magome, vibuyu vya asali, uyoga uliokaushwa, mbegu za miti katika chupa. Cha pili ni cha wapasuaji wa mwanzo, wale walioingia porini na misumeno ya mkono kabla barabara hazijafika. Cha tatu ni cha miche na mabango ya kuhimiza upandaji miti. Rafu zote zilitengenezwa na seremala Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa ustadi ambao sina la kuulalamikia, isipokuwa kwamba ni za msindano, mti wa kigeni, na ndizo zinazobeba urithi wa miti ya kwetu. Nilipokwenda mara ya kwanza, baada ya ufunguzi ambao sikualikwa, niliorodhesha makosa kumi na moja. Mkurungu ulikuwa umeitwa mninga. Picha ya shimo la kupasulia, ambamo mtu wa chini husimama akivuta msumeno, ilikuwa imeandikwa "kisima cha jadi". Nilimkabidhi mhifadhi orodha hiyo, akashukuru, na mengi ya makosa hayo yakasahihishwa ndani ya wiki. Chumba cha pili niliishia nusu siku ile kwa sababu umeme ulikatika. Kadi ya msumeno sikuiona.

Habari zake nililetewa nyumbani na mwanamke wa makamo ambaye sikumfahamu. Alikuwa amevaa kitenge cha kutokea, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, kama watu walivyokuwa wakiushika walipoingia ofisini kwangu.

"Shikamoo, Bwana Misitu."

Watu wa Kasulu huniita mzee tu. Wanaoniita Bwana Misitu ni wa upande wa Kibondo, na ni wale wa zamani au watoto wao.

"Marahaba. Karibu, keti."

"Sitakaa sana, gari la kurudi linaondoka saa nane. Nimetumwa na baba." Akamtaja baba yake, nami nikamkumbuka papo hapo. "Baba anauliza, aliiba nini?"

"Nani kasema ameiba?"

"Nyie."

Akanieleza kwa utaratibu. Watu wa makumbusho walipita vijijini wakiomba vifaa vya kale, na baba yake akautoa msumeno wake kwa moyo mweupe, akaupaka mafuta kwanza. Baadaye mwalimu wa shule ya pale Busunzu aliwapeleka wanafunzi Kasulu. Waliporudi walikuwa wamenakili kadi zote kwenye madaftari, maana waliambiwa kutakuwa na jaribio. Kufikia jioni ile kijiji kizima kilikuwa kimesoma.

"Watoto wanapita nje wakiigiza msumeno, khwaa, khwaa! Halafu mmoja anapiga kelele kwamba Bwana Misitu anakuja, wanatimua mbio. Hao ni watoto. Watu wazima ndio wabaya. Juzi jirani kamwuliza kama ana mbao za usiku zilizobaki, eti anataka kutengeneza mlango wa banda. Anacheka. Baba hakucheka. Baba ni mzee wa kanisa. Jumapili ya tatu sasa hajaenda, anasema hawezi kusimama mbele ya watu awaombee, nao wanajua yeye ni mwizi wa mali ya serikali."

"Na wewe unaamini hivyo?"

"Mimi nimetumwa kuuliza. Sikutumwa kuamini."

"Mwambie baba yako," nilisema, "kwamba kesho kadi hiyo itatoka. Na aliyeiandika ataeleza alikoitoa habari hiyo."

Nilisema hivyo nikiwa nimesimama wima, kwa hakika kamili. Namkumbuka baba yake vizuri kuliko ninavyowakumbuka baadhi ya wakubwa wangu wa kazi. Miaka ile, mtu aliyetaka kuvuna mti alipewa kibali, kisha afisa alikwenda naye porini hadi kwenye mti wenyewe. Mti ukiisha kuangushwa, afisa alipiga nyundo yenye alama ya serikali mara moja juu ya kisiki na mara moja kila ncha ya gogo. Kisiki na gogo vikaguliwe popote, alama ziwe sawa. Bila milio hiyo mitatu hapakuwa na ruhusa ya kupasua. Wapasuaji wengi walikuwa na haraka, ukifika unakuta wameshalisogeza gogo shimoni. Huyu wa Busunzu hakuwa hivyo. Angekaa juu ya gogo lake siku nzima akinisubiri, msumeno ukiwa bado umefungwa kwenye gunia, na wenzake wakimnung'unikia.

"Bado halijabatizwa," aliwaambia. Na aliponiona natokeza na baiskeli aliinua mkono. "Haya, padri huyo! Bwana Misitu, njoo ubatize, mtoto ameanza kulia."

Wakati huo utomvu wa mninga, ambao ni mwekundu, ulikuwa umeshaganda kwenye mkato. Nilipiga nyundo, akavua kofia, wakacheka wote. Kisha walinyoosha uzi uliochovywa katika unga mweusi wa betri kuukuu, wakaufyatua juu ya gogo ili uache mstari, na kazi ikaanza. Mtu wa aina hiyo, nilijiambia usiku kucha, kumwandika kuwa haramu ni upotoshaji, na upotoshaji una mwenyewe.

Asubuhi nilifika makumbusho kabla hayajafunguliwa. Mlinzi wa pale ni Muha mwenzangu, mtu wa mzaha usiokwisha. Aliniamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mzee! Leo mbona umekaza uso? Kuna mtu unakuja kumchapa?"

"Mhifadhi yupo?"

"Yupo. Nimwambie ajifiche?"

Mhifadhi ni binti wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Tanga, aliyepangiwa kazi huku kwetu na akakubali kuja, jambo ambalo si wote hulifanya. Aliniamkia kwa adabu yake ya siku zote, kisha akauliza, "Leo makosa mangapi, baba?"

"Moja."

Nikampeleka chumba cha pili, nikamsomea kadi kwa sauti, neno kwa neno. Nikamweleza kwamba mzee aliyetajwa pale nilimjua mimi binafsi, kwamba katika utumishi wangu sikupata mpasuaji mwaminifu kumshinda, kwamba taasisi inayojiita hifadhi ya kumbukumbu haina haki ya kubuni, na kwamba nataka kumjua mtu aliyeandika. Nilikuwa nazungumza kwa sauti ya juu. Mama mmoja aliyekuwa akitazama mizinga chumba cha kwanza alitoka nje.

Binti yule alinisikiliza hadi mwisho.

"Baba, mimi siandiki kadi kutoka kichwani. Kila kadi ina jalada lake. Twende ofisini nikuonyeshe."

Alitoa jalada kabatini, akafungua, akaligeuza linitazame mimi. Ndani mlikuwa na nakala ya taarifa ya robo mwaka, iliyoandikwa kwa mkono. Mwandiko niliutambua kabla sijasoma neno lolote. Ilikuwa fomu ya safu mbili. Safu ya kwanza: mazao yaliyovunwa, yenye alama. Safu ya pili: mazao yasiyo na alama, yaani haramu. Jina la mzee wa Busunzu lilikuwa katika safu ya pili. Chini kabisa kulikuwa na sahihi.

"Hii ni sahihi yako, baba?" Aliuliza bila hila yoyote. Nadhani alitumaini nitasema siyo.

"Ndiyo. Ni yangu."

Akafunga jalada polepole, akaenda kuniletea chai. Nilikunywa chai hiyo. Ilikuwa na tangawizi nyingi.

Sasa nieleze jambo lenyewe. Kuna msimu mmoja wa kiangazi nyundo ya ofisi yetu ililegea kichwa, na alama yake ikawa imelika hata haisomeki. Tukaipeleka mkoani itengenezwe. Tuliambiwa ni suala la wiki mbili. Nyundo haikurudi hadi mvua zilipoanza. Katika muda huo vibali vilikuwa vimeshatolewa, miti ilikuwa imeshaangushwa, na kulikuwa na shule iliyokuwa ikisubiri madawati. Kusimamisha kazi niliona ni uonevu. Kwa hiyo niliamua, mimi mwenyewe, bila kuandikiwa na mtu, kwamba magogo yatatiwa rangi nyekundu badala ya nyundo, na nitayaandika katika daftari langu la porini. Mzee wa Busunzu hakupenda. Aliniambia rangi si chuma. Nilimwambia serikali ni mimi, afanye kazi yake.

Robo mwaka ilipokwisha, fomu ilikuja na safu zake mbili. Magogo yale hayakuwa na alama ya nyundo, kwa hiyo safu ya kwanza ningekuwa nimeidanganya. Safu ya tatu haikuwepo. Kila gogo lilipaswa kuonekana mahali fulani katika fomu, ndivyo tulivyofundishwa, na fomu yenye gogo lisilo na mahali ilirudishwa. Nikayaandika safu ya pili pamoja na majina ya wenye vibali, nikiwa nimekusudia kuambatanisha maelezo. Maelezo hayo sikuyaandika. Sikumbuki kwa nini. Nimejaribu sana kukumbuka, kwa matumaini ya kupata sababu nzuri, na hakuna. Huenda ilikuwa Ijumaa.

Gogo moja katika hayo lilikuwa limepasuka moyo, halikufaa kwa mbao, mzee akaliacha. Lililetwa uani kwa ofisi ya Kibondo, na watu waliokuja kuomba vibali walilifanya benchi kwa miaka mingi. Mvua na makalio viliifuta rangi. Makumbusho yalipoanza kukusanya vitu, wakaja na taarifa mkononi, wakakuta gogo la mninga lisilo na alama, wakakuta msumeno wenye jina lile lile, na kwa mtu mwenye bidii kila kitu kililingana. Binti yule alifanya kazi yake barabara. Ningekuwa bado mkubwa wa ofisi ningempandisha cheo.

Niliporudi nyumbani niliteremsha sanduku la bati lenye madaftari yangu ya porini. Ninayo yote. Daftari la msimu ule nililipata, na ndani yake, kwa penseli: jina la mzee, kibali chake, urefu wa gogo, na maneno "rangi nyekundu, nyundo haipo". Nilihisi nimepona. Nilirudi makumbusho siku iliyofuata nimelibeba daftari ndani ya bahasha, nikaliweka mezani mbele ya mhifadhi kama mtu anayeweka ushahidi wa mwisho.

Alilisoma kwa makini.

"Limehifadhiwa vizuri sana," alisema. "Lakini baba, nifanyeje? Daftari linasema alikuwa na ruhusa. Taarifa yenye sahihi inasema alikuwa haramu. Mgeni akiniuliza nimwamini yupi kati ya hawa wawili, na wote wawili ni wewe?"

Nikalifunga daftari.

"Niandikie barua," alisema. "Wewe uliyeandika taarifa. Sema taarifa ilikosea na ilikosea wapi. Nitaiweka kwenye jalada, na kadi nitaitunga upya kutokana na barua hiyo."

Niliandika barua. Nina hakika msomaji aliyewahi kufanya kazi ofisini anaifahamu barua ya aina hiyo bila kuonyeshwa. Ilisema kwamba kutokana na changamoto za vitendea kazi, hitilafu ya kiuandishi ilijitokeza katika uainishaji wa mazao ya misitu, na kwamba hitilafu hiyo isichukuliwe kuwa imeathiri hadhi ya mwananchi yeyote. Mhifadhi aliisoma mara mbili, akaikunja, akanirudishia.

"Hii naweza kuibandika popote, baba. Hata kwenye mizinga. Haimsemi mtu."

Nilikasirika. Nilimwambia nilikuwa naandika barua za serikali kabla mama yake hajaolewa. Akasema, "Ni kweli, baba," na akaniinamia kidogo. Nikaondoka. Kwa siku nyingi sikurudi, nikijiambia kwamba nilikwisha kutimiza wajibu wangu na kwamba kilichobaki ni ukaidi wa mtoto wa watu. Lakini kila nilipoketi barazani nilisikia lile swali. Aliiba nini. Mwishowe niliamua kwenda Busunzu, nimsomee mzee barua yangu. Nilidhani yeye, mtu wa zamani, angeridhika na lugha yake.

Barabara siku hizi ni nzuri. Safari ambayo kwa baiskeli ilinichukua siku nzima haikuchukua muda wa kuuandika. Nilimkuta mzee amekaa uani nyuma ya nyumba, si mbele, kama mtu asiyetaka kuonwa na wapitaji. Macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho. Alinitambua kwa sauti.

"Bwana Misitu. Bado una sauti ile."

"Shikamoo, mzee." Alinizidi umri kidogo tu, lakini miaka ile yote ya porini sikuwahi kumwamkia kwanza.

"Marahaba. Binti alisema kadi itatoka kesho. Nikahesabu kesho, nikahesabu, nikaacha."

Nikatoa barua nikaisoma. Alisikiliza akiwa ameelekeza sikio. Nilipomaliza, kuku walikuwa wakiparua karibu na miguu yetu.

"Ni nzuri," alisema. "Ni ya nani?"

"Yako. Ni kuhusu wewe."

"Aa. Sijajisikia humo."

Kisha akanieleza jambo nisilolijua. Mwaka uliofuata msimu ule, wakati mimi nimeshahamishiwa Kasulu, alikwenda ofisini kuomba kibali kama kawaida. Karani alifungua kitabu, akamwambia hapana. Akauliza sababu. Karani akamwambia, "Jina lako lipo." Akarudi mwaka mwingine, na mwingine tena. Karani mpya, jibu lile lile.

"Jina lako lipo. Nikauliza, lipo wapi? Wakasema lipo. Nikaona labda ni la sensa." Alicheka kidogo, bila furaha. "Msumeno nikauning'iniza darini. Nikalima mihogo. Wewe nilisikia uko Kasulu, umepanda cheo. Nikasema, huyu angekuwepo angewaambia. Sikujua kwamba ni wewe uliyeliweka huko."

"Nilidhani uliacha kazi kwa kuchoka," nilisema. Na ni kweli nilikuwa nimedhani hivyo. Wakati fulani nilipita njia ile kwa gari la ofisi nikamwona akiwa shambani, nikapunga mkono, nikajisemea kwamba amepata akili, kupasua mbao ni kazi ya vijana.

"Nichoke?" alisema. "Mikono hii?" Akaiinua, akaitazama kwa macho yasiyoona vizuri, akaishusha.

Nikachana barua ile pale pale. Si kwa ushujaa. Nilitaka tu isiwepo. Binti yake alikuja akaokota vipande, akaviwashia jiko.

Barua ya pili niliiandika usiku ule ule niliporudi. Haikuzidi nusu ukurasa. Niliandika kwamba mimi, na jina langu nikalitaja, nilikuwa afisa; kwamba nyundo haikuwepo; kwamba niliwaamuru wapasuaji waendelee; kwamba mzee huyu alinionya, nami nikampuuza; kwamba baadaye nilimwandika katika safu ya haramu nikijua hakuwa haramu; na kwamba kwa ajili hiyo alinyimwa kazi yake maisha yake yote. Sikutumia neno hitilafu. Mhifadhi aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Baba, una hakika? Hii itakuwa na jina lako pia. Na wewe umo kwenye ukuta wa chumba cha tatu, kwenye orodha ya wastaafu waliolinda misitu."

"Huko niache au unitoe," nilisema, "hilo utaamua wewe. Hapa andika."

Kadi mpya iliwekwa. Binti wa mzee aliarifiwa kwa simu, na siku ya tatu akamleta baba yake kutoka Busunzu, amevaa koti la kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Siku hiyo kulikuwa na kundi la walimu kutoka Manyovu, nao wakajikusanya nyuma yetu kusikiliza, wakidhani ni sehemu ya ziara. Mhifadhi aliuliza kama mzee angependa asomewe faraghani.

"Ile ya kwanza ilisomwa na kijiji," alisema mzee. "Na hii isomwe."

Mhifadhi akasoma. Kadi ina sentensi tano. Ya kwanza inamtaja mzee kuwa mmoja wa wapasuaji wa mwanzo wa Busunzu, aliyevuna kwa kibali. Ya pili inalitaja jina langu. Baada ya hapo zinafuata zile nilizokwisha kueleza.

"Soma tena," alisema mzee, "pale penye jina langu."

Akasoma tena. Kwa kuwa jina lake na langu yanafuatana, hakuna namna ya kulisoma la kwanza ukaacha kuingia katika la pili, na mhifadhi, kwa adabu, hakutaka kukata katikati ya maelezo. Walimu walianza kutazamana. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyo aliyetajwa ndiye huyo mwenye miwani?" Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nikasema, "Ndiyo, mwalimu, ndiye mimi," akajifanya anatazama gogo.

"Tena," alisema mzee.

Ikasomwa mara ya tatu. Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa taratibu kwenye kila neno, kama mtu anayesikiliza tangazo la ndoa na kuhakikisha majina yote yamo. Kisha akamwambia binti yake aipige picha kwa simu, apeleke kwa mwalimu wa shule, watoto wanakili na hiyo.

"Na mtihani wapewe," aliongeza. Walimu wa Manyovu wakacheka, naye akaonekana kufurahi kwamba wamecheka.

Niliwasindikiza hadi mahali magari ya Kibondo yanapopakia. Njiani nilimwomba radhi, kwa maneno ambayo siyaandiki hapa kwa kuwa hayakuwa mazuri kama nilivyokuwa nimeyatayarisha. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alinishika bega ili asijikwae, akatembea. Binti yake alitangulia kutafuta nafasi ya mbele. Tulipobaki wawili, mzee akasema kwa sauti ya chini:

"Kitu kimoja, Bwana Misitu. Mke wangu alifariki mwaka juzi."

"Sikusikia. Pole sana."

"Nilimwambia miaka yote sikufanya kitu. Akaniambia, serikali haiwezi kumnyima mtu mwaka hata mwaka bila kitu. Hakunisumbua nalo, alikuwa mtu mwema. Ila alikufa akijua kuna jambo nilimficha."

Dereva aliita abiria. Nilifungua mdomo kusema kwamba hilo nalo nitaliandika, liingie kwenye jalada, nikaufunga. Binti akaja, akamshika baba yake mkono mmoja nami nikamshika wa pili, tukampandisha.